Mchoma Nyama Ashika Kipaza Sauti

Kwa mliokosa gazeti la wiki jana, hasara yangu iko hivi. Nilifukuzwa kwenye bendi ya kanisa kule Makongeni kwa kosa la kupiga gitaa la jangwani, lile la Mali, chini ya wimbo wa sadaka. Kabla machozi hayajakauka, simu ikaita. Mwanamke aitwaye Sally Wahome, anayechagua wanamuziki wa kwenda tamasha la magitaa huko Dakar, alikuwa ameona video zangu. Alitaka kunisikia Jumapili. Na hakutaka kunisikia kwenye simu tena. Alitaka bendi hai, na watu hai wanaokula na kupiga kelele.

Mimi sina bendi. Nina gitaa na jina baya.

Lazima mwelewe Dakar ni nini kwangu. Wapiga gitaa wa kila pembe ya dunia hukaa nyumba moja mwezi mzima, wakipigiana na kufundishana. Mimi mtindo wa Mali nimejifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Wa Wahispania hivyo hivyo. Wa Brazili hivyo hivyo. Nikaichanganya na benga ya kwetu hadi majirani wakagonga ukuta. Lakini hakuna hata mmoja wa walimu wangu hao aliyewahi kunishika kidole akaniambia, "Si hapo, dada. Hapa."

Nafasi ya Kenya ni ya mpiga gitaa mmoja, na mwenzake wa kumsindikiza. Nafasi hiyo niliitaka kama mgonjwa wa homa anavyotaka maji.

Basi nikameza kiburi, nikaenda kwa Okinyi.

Okinyi ndiye aliyenifundisha benga nikiwa bado msichana wa shule. Ana bendi inayopiga Jumapili mchana katika kilabu kimoja cha nyama choma pale Soko la Burma. Amenifukuza humo mara mbili. Nilimkuta mlangoni kwake Makongeni, anapaka viatu rangi.

"Mwalimu, habari za jioni."

"Zilikuwa nzuri."

"Naomba nipige solo Jumapili. Nyimbo mbili tu."

"Nina mpiga solo."

"Amekwenda matangani Siaya."

"Nani amekuambia?"

"Makongeni yote inajua, Mwalimu."

Akaweka kiatu chini. "Perez, nyathina, mwanangu. Benga ni uji. Mtu akitia ndimu, nanyamaza. Akitia maziwa, nanyamaza. Wewe unatia pilipili, mdalasini na sabuni ya kufulia, halafu unashangaa watu hawanywi."

"Kuna watu wanakunywa."

"Wako wapi?"

"Dakar."

"Basi wakuletee kikombe."

Nilipiga magoti. Sioni aibu kuwaambia. Nilipiga magoti kwenye ile saruji, majirani wakichungulia, na Okinyi akatazama kando kwa sababu yeye ni mtu mzima na hapendi kuona mtoto wa mwenzake akijidhalilisha.

"Inuka. Utapiga. Lakini benga safi, kutoka mwanzo hadi gitaa linapokimbia mwishoni kwenye klimaksi. Nikisikia sauti moja ya wale Waarabu wako..."

"Si Waarabu, Mwalimu, ni Watuareg wa Mali."

"...nikisikia hata kikohozi chao, unashuka jukwaani, na usinisalimie tena njiani. Apa."

"Naapa kwa gitaa langu."

"Hilo lishalaaniwa. Apa kwa mama yako."

Nikaapa kwa mama yangu.

Niliondoka pale nikiwa nimepata bendi na kupoteza muziki. Sally alitaka mchanganyiko. Okinyi alitaka benga tupu. Jukwaa ni moja, wimbo ni mmoja, na mshika mawili, moja humponyoka.

Nikampelekea Ngigi shida yangu. Ngigi ndiye mchoma nyama wa kilabu kile. Jiko lake liko mle mle ndani, karibu na jukwaa, na urafiki wetu ulianza siku aliyonipa kipande cha mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, akisema nikipiga gitaa mkaa wake unashika haraka.

"Niaje, Perez. Mbona uso kama mbuzi ameona kisu?"

Nilimweleza. Na nilipokuwa namweleza, nikaona tundu la kupitia.

Ngoja niwaeleze wale ambao hamjawahi kuingia ngoma ya benga. Humo kuna kitu kinaitwa pakruok, majigambo ya Kijaluo. Mgeni aliyeitunza bendi chochote akijisikia, huinua mkono katikati ya wimbo na bendi hushusha sauti. Mwimbaji humpelekea kipaza sauti mezani, naye anajisifu: yeye ni nani, mwana wa nani, nani anamwogopa. Muda huo wote mpiga solo anabaki chini, akirudia kifungu kimoja kidogo, kama mtu anayemshikia mgeni mlango. Mgeni akimaliza, wimbo unapanda tena.

Sasa fikirini. Mwimbaji wa bendi hii ni Okinyi mwenyewe. Akienda mezani kwa mgeni, sikio lake linakuwa mdomoni mwa mgeni na mgongo wake uko kwetu.

"Hapo katikati ndipo nitapiga vyangu," nikamwambia Ngigi. "Sally atasikia, Okinyi hatasikia. Shida ni kwamba wageni wa siku hizi wanajisifu sentensi mbili wanarudi kwenye mfupa. Nahitaji mtu mwenye maneno mengi."

Ngigi akaacha kukata mbavu. "Unanitazama hivyo kwa nini?"

"Wewe unaweza kumuuzia mtu mkia akaamini ni paja."

"Perez, mimi ni mtu wa Murang'a. Wajaluo watanicheka."

"Wakicheka watakuwa wanasikiliza."

"Na hizo sifa nitazitoa wapi?"

"Sema vile husema na wateja."

Akafikiri, akakuna shingo kwa mpini wa kisu. "Manze, Perez. Ukifika huko Dakar uniletee kofia."

Jumapili ikafika. Kilabu kilijaa waliotoka kanisani moja kwa moja, Biblia kwenye viti na kachumbari mezani. Sally Wahome akaingia na skafu ya buluu, akakaa meza iliyo karibu na ngoma, akaagiza soda.

"Na nyama?" mhudumu akauliza.

"Sili nyama siku hizi."

Mhudumu alimtazama kama mtu aliyeingia msikitini na mbwa. Mtu anakuja Burma, hali nyama!

Nilimwendea nikamsalimu. Alinipa mkono laini, akatabasamu. "Perez, nina kikao kingine Karen, sitakaa sana. Nipe ile ya kwenye video. Mali, Hispania, na kwenu. Benga peke yake nimeisikia maisha yangu yote."

Wimbo wa kwanza nilipiga safi. Safi kama shuka la hospitali. Okinyi akageuka kutoka kwenye kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima, akatikisa kichwa kuniambia vizuri. Papo hapo Sally akainamisha chake kwenye simu. Maisha yangu yote yamekaa katikati ya vichwa hivyo viwili.

Wimbo wa pili ukaanza. Nikamkonyeza Ngigi.

Ngigi akainua mkono. Alisahau kwamba mkononi ana kisu.

Mzee mmoja akasogeza kiti nyuma.

"Simamisheni ngoma!" Ngigi akapaza sauti.

Okinyi akakodoa macho. "Ngigi? Wewe unataka pakruok ama kuna mtu hajalipa?"

Watu wakaangua kicheko.

"Nimetuma sinia la mbavu kwa bendi," Ngigi akajibu. "Mimi si mgeni?"

"Omera, ndugu yangu, kwa mbavu hata shetani ni mgeni." Okinyi akashuka na kipaza sauti, akatembea hadi kwenye jiko, akampa mgongo jukwaa. Bendi ikashusha sauti. Nikabaki na nyuzi zangu.

"Mimi ni Ngigi, mwana wa Wacera!" akaanza. "Kisu changu hakimuulizi ng'ombe kabila!"

"Yawa!" watu wakaitikia.

"Moshi wangu ukivuka Jogoo Road, waume za watu wanasahau njia ya nyumbani! Daktari akikukataza nyama, jua ananionea wivu!"

Hapo nikaanza. Kidole gumba kikatembea jangwani, taratibu. Vidole vingine vikamwaga sauti za Kihispania juu yake, kama mchele kwenye sinia. Katikati, uzi mmoja ukabaki unaongea benga. Sally akainua kichwa.

Ngigi naye akasikia. Nilimwona. Alikuwa amefungua mdomo aseme mzaha mwingine, akaufunga, akashusha kisu. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa chini.

"Nimechoma nyama ya harusi zenu, sikualikwa," akasema. "Nimechoma ya matanga yenu, marehemu simjui. Mnatoka hapa mkinukia mimi. Mnalala na harufu yangu kwenye shati. Bibi zenu wananijua kwa pua. Na jina langu hamlijui. Mnaniita 'wewe wa jikoni.'"

Hakuna aliyetafuna. Mpiga besi akaacha kifungu chake akaanza kunifuata jangwani. Nikaongeza mchele.

"Basi semeni leo. Mimi nani?"

"Ngigi!"

"Wa jikoni hasikii!"

"NGIGI!"

Sally aligeuza simu yake kifudifudi mezani. Nikasema moyoni: Dakar, nakuja.

Shukrani ya punda ni mateke. Ni ile besi iliyoniponza. Gitaa langu Okinyi angeweza kulikosa kwenye kelele zile, lakini besi ya benga ikipotea, mtu wa benga huisikia tumboni. Akageuka. Akamwachia Ngigi kipaza sauti, akapanda jukwaani bila haraka, akachomoa waya wangu.

Pap! Gitaa likafa.

Ngigi hakunyamaza. Alikuwa ameshapanda mahali ambapo mtu hashuki. Akaanza kugonga kisu kwenye kibao cha kukatia nyama, ta-ta, ta-ta, akisema majina ya wateja wake mmoja mmoja na sehemu ya nyama ambayo kila mmoja hupenda, na kila aliyetajwa alisimama na kupiga kifua. Kilabu kililipuka. Bila mimi.

Okinyi alinivuta nyuma ya jukwaa, penye magunia ya makaa.

"Uliapa kwa mama yako."

"Mwalimu, uliwaona watu?"

"Niliwaona. Wewe ndiye hukumwona mgeni. Mtu anataja jina lake, wewe unampigia kelele za Hispania masikioni. Pakruok ni mlango, Perez. Mpiga solo anaushika. Wewe umesimama katikati yake."

"Nimemfungulia! Ngigi hajawahi kusema maneno kama yale tangu azaliwe!"

"Ulikuwa unampigia yeye ama yule mwanamke wa soda?"

Alikuwa amenibana. Na mtu aliyebanwa hutukana. "Ndiyo maana bendi yako itafia hapa hapa Burma."

Akatikisa kichwa polepole. "Itafia Burma. Ni pahali pazuri pa kufia. Kuna nyama." Akanipa kisogo. "Chukua mkoba wako uende."

Lakini sikwenda, kwa sababu Sally alikuwa amesimama. Alikuwa anakuja upande wetu, uso umewaka, skafu imelegea. Nikapangusa mikono kwenye sketi. Nikatayarisha tabasamu la mtu asiyetegemea kitu.

"Samahani kidogo," akaniambia, akanipita.

Akaenda jikoni.

"Kilo ama nusu, mama?" Ngigi akamuuliza, kijasho kikimtiririka.

"Sili nyama."

"Basi umepotea, mama."

"Nakutaka wewe. Uende Dakar. Hayo uliyoyafanya na kile kibao, uyafanye jukwaani."

Ngigi akanitazama juu ya bega lake. "Perez, huyu anasema nini?"

Nilisogea karibu. "Anasema umechukua nafasi yangu."

"Si hivyo," Sally akasema, kwa ile sauti ya watu wanaokufukuza wakikusifu. "Perez, wewe una kipaji, hilo halina ubishi. Lakini kule watakuwepo Wamali wenyewe, na Wahispania wenyewe. Nikupeleke uwapigie vyao? Watatabasamu tu. Huyu hawana. Kwa huyu watanyamaza."

"Uliniambia nikuletee mchanganyiko!"

"Niliutaka kabla sijamsikia yeye."

"Na aliyemfanya aseme ni nani?"

"Gitaa lilikatwa, Perez, na akaendelea."

Ni kweli gitaa lilikatwa, ni kweli aliendelea.

Ngigi akapangusa kisu kwenye aproni. "Mama, nisikilize. Mimi bila Perez naenda wapi? Hata ndege sijui inaingiliwa mlango gani. Kama Perez haendi, mimi nabaki na jiko langu."

Sally akavuta pumzi, akatazama saa. "Nafasi ni za watu wawili, mradi mmoja awe na gitaa. Wewe na mwenzako. Mwenzako anaweza kuwa Perez." Akanigeukia. "Kwa sharti moja. Unapiga benga safi, nyuma yake. Hicho tu."

"Mwezi mzima nikae nyumba moja na Wamali, nisiguse vyao?"

"Chumbani kwako piga unachotaka. Jukwaani, benga."

Nilitaka kucheka. Kanisa liliniambia chagua. Okinyi aliniambia chagua. Sasa hata dunia yenyewe, niliyokuwa naikimbilia ili nisichague, ilikuwa imevaa skafu ya buluu ikiniambia, Perez, chagua, na tumekuchagulia. Nimeapa, nimepiga magoti, nimefukuzwa, ili nifike Dakar kupiga kitu ambacho ningepiga Burma bila pasipoti.

Nikasema ndiyo. Mnashangaa? Nanyi mngesema ndiyo.

"Basi nisikie kabla sijaondoka," Sally akasema. "Nyinyi wawili. Hapo hapo."

Nilimtazama Okinyi. Alikuwa amesikia yote. Akanielekeza kidole kwenye waya. Nikachomeka.

Nikapiga. Benga tupu, kifungu kidogo, sawa kabisa na alivyonifundisha, macho yangu yakiwa kwa Sally. Watu wakageuza viti.

"Mimi ni Ngigi, mwana wa Wacera," Ngigi akasema.

Akanyamaza.

Nikarudia kifungu. Akalamba midomo. "Mimi ni Ngigi..." Mtu nyuma akacheka. Ngigi akatazama kibao chake kana kwamba maneno yameandikwa humo, akagonga kisu mara moja, akaacha.

"Sema yale yale," nikamnong'oneza.

"Hayaji, Perez. Ni kama naongea na ukuta. Piga ile ingine."

"Ile ingine hapana," Sally akasema.

Lakini mimi moyo ulikuwa umeruka. Nilimgeukia kwa furaha ya mshtakiwa aliyepata shahidi. "Umesikia mwenyewe? Ile ingine ndiyo iliyomfungua! Benga haimtoi neno! Bila mchanganyiko wangu huna mtu wa kupeleka!"

Sally akasita. Naapa kwa mara ya mwisho, na hii ni ya kweli: alisita. Aliweka mkoba mezani tena. Alikuwa anafungua mdomo kusema jambo.

Okinyi akapanda jukwaani, akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Lete hilo gitaa," akasema.

Okinyi hajapiga solo siku nyingi. Vidole vyake vilikakamaa kwa vyuma vya karakana ya reli, ndiyo maana siku hizi anaimba tu. Nilimpa gitaa haraka, hata sikumpa nafasi ya kuomba mara ya pili. Nilitaka ajaribu mbele ya watu wote. Nilitaka ashindwe.

Hakumtazama Sally. Hakunitazama mimi. Alimtazama Ngigi, bila haraka, kama mwenye nyumba anayengoja mgeni avue viatu. Kisha akapiga kifungu kimoja kidogo. Benga tupu, na vidole vyenyewe vinakwaruza. Akakirudia. Akakirudia tena, chini chini, macho hayambanduki Ngigi.

Na Ngigi akafungua mdomo, na maneno yakaja.